Picha Isiyojibiwa: Maonyesho ya Uchoraji na Watazamaji wa Tanga

Katika mji wa Tanga shairi halikuzoea kukaa pweke. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa katika mwaka wa 1923, watunzi wa pwani na wa bara walipata uwanja wa kuulizana na kujibizana, na desturi hiyo ilishika nguvu hata shairi lisilojibiwa likawa kama mgeni aliyebisha hodi asikaribishwe. Aliyepotoa mizani alisahihishwa. Aliyedai neno lisilo kweli alipingwa. Aliyesema vema alipewa haki yake. Taarabu nayo ilikuwa na hukumu yake. Vikundi vya Black Star na Lucky Star viliposhindana mjini humo, wasikilizaji hawakuwa watu wa kukaa kimya. Aliyeguswa na ubeti aliinuka, akaenda mbele kwa madaha, akamtunza mwimbaji. Na waliokuwapo walijua ametunza kwa ajili ya neno gani, na pengine neno hilo limemwendea nani.

Picha haijapata bahati hiyo. Mchoraji hufanya kazi miezi kadhaa, akatundika picha zake ukutani, watu wakaalikwa jioni moja, hotuba ikasomwa, vinywaji vikapitishwa, na baada ya wiki mbili tatu misumari ikang'olewa. Picha iliyonunuliwa huenda kwa mnunuzi. Isiyonunuliwa hurudi kwa mwenyewe. Katika shughuli yote hiyo ni nadra kumsikia mtu akisema, kwa Kiswahili na mbele ya watu, kwamba picha hii ni njema kwa sababu hii, na ile ina kasoro kwa sababu ile. Upungufu huo ndio unaochunguzwa hapa. Nyumba ya maonyesho isiyo na uamuzi wa watazamaji ni duka lenye kuta nzuri. Na Tanga, ingawa majumba yenye sifa katika uchoraji wa Afrika ya Mashariki yalijengwa mbali nayo, ina akiba ambayo majumba hayo yaliihitaji sana, nayo ni watu waliozoea kuamua.

Uchoraji wa kisasa wa Tanzania una chimbuko moja katika shule. Sam Ntiro, aliyezaliwa katika mwaka wa 1923 huko Uchagani, alisoma Makerere katika shule ya uchoraji iliyoanzishwa na Margaret Trowell, akaendelea na masomo katika Slade mjini London, tena akawa mwalimu wa kazi hiyo. Picha yake ya mwaka wa 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi wakati wa usiku, iliingia katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York katika mwaka wa 1960. Tanganyika ilipopata uhuru katika mwaka wa 1961, Ntiro alipelekwa London kuwa balozi wake wa kwanza huko.

Katika picha za Ntiro watu ni wengi na wadogo, wana kazi mikononi, wametawanyika mashambani na vilimani, na nyuso zao aghalabu hazina alama za kumtenga mmoja na mwenziwe. Mtu aliyelelewa na picha za Ulaya huweza kudhani kwamba huo ni udhaifu wa mkono. Lakini mtu aliyepata kushiriki kazi ya ujima, au aliyepata kufuata msafara wa arusi kijijini, atatambua kwamba katika mkusanyiko wa namna hiyo uso wa mtu mmoja si jambo kubwa. Jambo kubwa ni mwendo wa wote pamoja. Mchoraji aliyapunguza maumbile ya mtu ili mwendo uonekane. Hukumu hii ingeweza kutolewa na mtazamaji wa nyumbani asiyepata kuingia shule yoyote ya uchoraji. Picha ilivuka bahari kabla hajaulizwa.

Chimbuko jingine linapita Tanga yenyewe. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru katika mwaka wa 1932. Katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akaishi kwa kazi za mikono, na yapata mwaka wa 1968 akaanza kuchora ndege na wanyama juu ya vipande vya ubao mwembamba kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Katika mwaka wa 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Muda wake wa kuchora haukuzidi sana miaka minne, na jina lake limekuwa jina la namna nzima ya uchoraji. Wafuasi wake waliendelea na kazi, na katika mwaka wa 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Tanga ilimpokea kama kibarua, ikamwaga kama kibarua. Haikupata kumjua kama mchoraji.

Majumba ya maonyesho yaliyojengwa na waliotaka uchoraji uwe na makao yalikuwa na juhudi ya kusifiwa. Elimo Njau alianzisha Kibo huko Marangu katika mwaka wa 1964, na mwaka uliofuata Paa ya Paa ikafunguliwa Nairobi. Nyumba ya Sanaa ilianza Dar es Salaam katika mwaka wa 1972. Humo George Lilanga, aliyeingia kama mlinzi, alitoka na sifa ya kimataifa. Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo katika mwaka wa 1981. Tangu mwaka wa 2003 Dar es Salaam ilikuwa na maonyesho ya kila miaka miwili ya wachoraji wa Afrika ya Mashariki, na tangu mwaka wa 2008 Nafasi, huko Mikocheni, imewapa wachoraji mahali pa kufanyia kazi na pa kuionyesha.

Hata hivyo, maisha ya majumba hayo yana funzo. Moto uliounguza Paa ya Paa katika mwaka wa 1997 uliteketeza kazi nyingi zisizoweza kurudishwa. Nyumba ya Sanaa, iliyokuwa na jengo lake katikati ya mji tangu miaka ya 1980, haipo tena kama ilivyokuwa. Kuna mikasa isiyozuilika, na kuna nguvu za thamani ya ardhi ambazo mchoraji hawezi kushindana nazo. Lakini swali la haki ni hili: jumba la namna hiyo linapoondoka, ni nani katika mji anayelia kwamba ameporwa kitu chake? Mchoraji hulia, kwa kuwa amepoteza mahali pa kazi. Mnunuzi husikitika, kisha hutafuta duka jingine. Mpita njia ambaye hakuingia, au aliyeingia asiulizwe maoni yake, hana sababu ya kulia. Soko la samaki likitaka kuvunjwa mji mzima husimama. Jumba la picha huvunjwa mchana na watu wakapita.

Huenda mtu akajibu kwamba watu wa Tanga hawana mazoea ya picha, na kwa hiyo si haki kudai hukumu kwao. Jibu hilo halitoshi. Na atazamwe mwanamke anayenunua kanga katika duka la Ngamiani. Huitandua yote, akatazama pindo kama limekaa sawa pande zote nne. Akautazama mji, yaani uwanja wa katikati, kama umejaa kwa kiasi au umebanwa. Akalisoma jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Kisha akapima kama jina na rangi vinakubaliana. Neno kali likiwekwa juu ya rangi ya upole, huirudisha. Rangi ikiwa imekolea husifu. Akishuku kwamba itachuja katika maji ya kwanza, hushusha bei au huondoka. Mwanamke huyu hakufundishwa na mhakiki yeyote. Amerithi hukumu iliyokomaa vizazi kadhaa: duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo kanga zake hujulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, lilianza katika mwaka wa 1887, na wateja wake wamekuwa wakikataa na kukubali tangu siku hizo.

Mlango wa nakshi nao una maneno yake. Fundi husema juu ya miimo, mfaa na kizingiti. Husema kwamba nakshi imepumua au imesongamana, na kwamba mkono wa fulani ni mwepesi, wa fulani ni mzito. Msusi wa mikeka hujua ukili uliokazwa na uliolegea, na hujua rangi ipi ikikaa karibu na nyingine huiua. Kwa hiyo lugha ya kuamua mambo ya macho haikukosekana pwani. Iliachwa dukani na karakanani, isiitwe katika jumba la picha.

Ushairi ulipata bahati iliyo kubwa zaidi. Katika mwaka wa 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na hata wale walioasi sheria hizo baadaye waliasi kitu kinachojulikana. Mchoraji wa Kiswahili hana sheria ya kutii wala ya kuasi katika lugha yake. Akitaka kujua kazi yake imesemwaje, mara nyingi hulazimika kusoma kijitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza na mtu ambaye hatamwona tena.

Lugha ya kanga na ya mlango na ijaribiwe juu ya picha, ionekane kama itabeba mzigo. Picha nyingi za Tingatinga mwenyewe zina mnyama mmoja, au ndege na mti wake, juu ya uwanja wa rangi moja. Mji wake u wazi, na jina lake ni moja. Rangi imekolea, mstari haukusitasita, mnyama ametulia mbele ya mtazamaji kama mtu aliyekuja kupigwa picha, na jicho lake kubwa halimwachi anayemtazama. Nguvu yote ya picha hiyo imo katika kile kilichoachwa wazi. Katika picha nyingi zilizofuata kwa ajili ya soko la watalii, wanyama wameongezwa hata mahali pa mmoja wakasimama kumi. Nafasi iliyobaki ikatiwa madoa, na madoa yakatiwa madoa. Hapo mji umejaa hata jina halisomeki. Mnunuzi amepewa wanyama wengi kwa fedha yake, lakini amepunjwa picha.

Wala kujaa si kosa kila mahali. Mashetani wa Lilanga, wenye masikio makubwa na matumbo ya mbele, hujaza uwanja mpaka pembeni, na mtu hatamani mmoja wao aondolewe. Viumbe hao hawaishi ila kwa kushikana, kusukumana na kuchekana, kama abiria wa basi la kwenda Pangani siku ya mkesha wa sikukuu. Kwa Lilanga kujaa ni maana yenyewe. Kwa mwigaji wa Tingatinga kujaa ni hofu ya kuacha kitu. Tofauti hiyo ni kubwa, na imesemwa bila ya kuazima neno lolote la shule za ng'ambo.

Lakini ni lazima kujihadhari na faraja ya upesi. Wako wanaosema kwamba, madhali pwani ina kanga, milango na mikeka, haina haja ya majumba ya picha, kwa kuwa kila nyumba ni jumba la sanaa. Maneno hayo ni matamu na yana hatari. Kanga hutii haja: ni lazima ivaliwe, ibebe mtoto, ifunike maiti. Mlango ni lazima ufunge. Picha haitii haja ya namna hiyo, imekuja kuuliza. Kanga hutangaza neno lake, na picha huweza kulificha makusudi. Tena wachoraji wa leo hawashiki brashi tu. Wengine huunganisha vyuma vilivyotupwa na nyavu kuukuu, wengine hutumia picha zinazokwenda na sauti, na mbele ya kazi hizo maneno ya pindo na mji yanaweza kufika mwisho wake. Yakifika mwisho, haina budi mengine yatungwe. Lakini maneno mapya hutungwa na watu wanaobishana, kama mabaharia walivyotunga majina ya pepo kwa kusafiri nazo.

Yako mambo mawili magumu zaidi, wala hayafai kufichwa. La kwanza ni dini. Katika mji kama Tanga wako watu wengi ambao hawaridhiki na sura ya kiumbe mwenye roho, na wataulizia sababu ya kuitundika. Mpanga maonyesho mwoga atawakwepa kwa kuwaalika wageni peke yao. Kumbe swali lao ni hukumu ya kweli, yenye vitabu na hoja nyuma yake, na mchoraji anayeweza kulijibu kwa adabu atarudi kwenye kazi yake akiwa anajua zaidi kwa nini anachora. Huenda akaendelea na sura, huenda akageukia nakshi na herufi. Lolote atakalolichagua litakuwa limepita motoni.

La pili ni ukali wa umma. Mashindano ya taarabu hayakuzaa sifa tupu. Yalizaa vijembe pia, na mara nyingine matusi. Mji uliozoea kuamua huweza kuamua vibaya, ukamvunja kijana moyo kwa sababu ya jambo jipya ambalo haujalielewa. Hatari hiyo ipo. Lakini mtu aliyetukanwa kwa ajili ya kazi yake anajua kwamba kazi imeonekana, na ana nafasi ya kujitetea. Aliyesifiwa kwa kunyamaziwa hana la kutetea wala la kurekebisha. Watunzi wa mashairi walikua katika ukali huo, na haielekei kwamba wachoraji wana ngozi nyembamba kuliko wao.

Mahali pa kuanzia papo. Boma la zamani la Wajerumani mjini Tanga lilitengenezwa upya likawa makumbusho ya Urithi, ambamo habari na picha za kale za mji zimehifadhiwa. Mji uliokwisha kukubali kuitazama jana yake ukutani unaweza kuombwa kuitazama leo yake pia. Yanayotakiwa hayahitaji fedha nyingi. Kadi ya kila picha na iandikwe kwa Kiswahili kwanza, kwa sentensi zinazosomeka, na bei isiwe neno la kwanza wala la pekee. Milango na ifunguliwe baada ya magharibi, wakati mchuuzi amefunga duka na mvuvi hajaenda baharini. Jioni moja, badala ya hotuba ya mgeni rasmi, na waitwe watu watatu wenye macho yaliyozoezwa na kazi zao, kama vile fundi wa milango, muuza kanga na mtunzi wa mashairi. Kila mmoja achague picha moja aseme inasimama kwa nini, na nyingine aseme inaanguka kwa nini. Mchoraji ajibu. Maneno yao yaandikwe. Baada ya maonyesho kumi kutakuwa na msamiati. Baada ya ishirini kutakuwa na kitu kinachoweza kuitwa uhakiki, chenye makosa yake na mashujaa wake.

Asiyeona faida ya kuandika maneno hayo na aende Tongoni, kusini ya mji. Yako makaburi ya nguzo huko, ya tangu karne ya 14 na ya 15. Waliojenga nguzo hizo walizipamba kwa bakuli za kigeni zilizopachikwa katika chokaa, zikakaa juu ya macho ya wapitao. Yalikuwa maonyesho ya haki: kazi nzuri, mahali pa wazi, watu wakipita kila siku. Bakuli zimeondoka, na mashimo yake yamebaki katika nguzo. Yamkini waliozitazama walikuwa na maneno juu yake. Walisema ipi imependeza, ipi imekaa upande, ni mwana wa nani aliyejikweza kwa kutia nyingi kupita kiasi. Maneno hayo yamekwenda na bakuli, na mgeni wa leo anayetia kidole katika shimo hawezi kujua wenyeji waliona nini.

Picha za wachoraji wa leo zitauzwa mbali, na hapana ubaya katika hilo, maana mchoraji hula kwa kazi yake kama mvuvi. Lakini kabla picha haijafungwa kamba na kupelekwa bandarini, ni haki yake ikae mbele ya watu waliokaa mahali ilipotoka, nao waseme. Wakisema vibaya, itasafiri na jibu la mji wake. Wakisema vema, mji utakuwa umebakiwa na kitu chake hata baada ya ukuta kuwa mtupu.